Tenki la kuzuia mafuriko ni lile linalokaa tupu

Masika moja, giza la alfajiri bado halijatoka, jirani yangu wa upande wa chini alinigongea geti. Nilimkuta amekunja suruali hadi magotini, matope yamemfika kwenye vifundo. Sebule yake ilikuwa imeingia maji.

"Dada," aliniambia, "si ulikuwepo nikichimba lile tenki la lita elfu ishirini? Sasa haya maji yamepita wapi?"

Tukaenda tukafunua mfuniko, nikamulika kwa simu. Maji yalikuwa yamegusa zege la juu na bomba la kuingizia lilikuwa limezama kabisa. Nikamuuliza tenki lilijaa lini. Akafikiri kidogo. "Tangu Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Tenki lililojaa Jumapili halina pa kuiweka mvua ya Alhamisi. Jirani yangu alikuwa amejenga ghala la maji, na amelijenga vizuri tu, akiamini amejenga kinga ya mafuriko. Hivyo ni vitu viwili, na vinataka mambo yanayopingana. Ghala unaliombea lijae. Kinga unaiombea iwe tupu kila wingu jeusi linapoonekana upande wa Meru. Kazi yangu ni kuchora nyumba na kusimamia ujenzi wake, na naweza kusema kwamba mkanganyiko huu uko kila mahali Arusha, kwa wenye viwanja, kwa mafundi, na hata kwetu sisi wachoraji. Unatugharimu fedha nyingi, na wakati mwingine zaidi ya fedha. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji jijini hapa, na wanafunzi wakapoteza maisha. Sisemi kiwanja cha mtu fulani ndicho kilichosababisha. Nasema korongo ni mkusanyiko wa maji yaliyotoka mahali, na sehemu yake hutoka kwenye mabati na nyua zetu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu atachimba kwa kukisia. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba inakupa lita moja ya maji. Kipimo hiki ni rahisi, na ndicho msingi wa kila kitu kitakachofuata. Chukua kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 30. Nyumba na banda la gari vina paa la mita za mraba 200. Uani umetandikwa pevingi mita za mraba 200 nyingine. Tuseme inanyesha mvua kubwa ya milimita 40 kwa nusu saa. Hizo mita 400 ngumu zinakupa lita 16,000, karibu lita 9 kila sekunde. Ni sawa na mtu kusimama getini kwako akimwaga ndoo ya lita 20 barabarani kila baada ya sekunde mbili na kidogo, kwa nusu saa nzima bila kupumzika. Sasa weka mtaa wenye viwanja arobaini vya aina hiyo, vyote vikimwaga kwa wakati mmoja kwenye mtaro mmoja wenye kalvati moja.

Kiwanja hichohicho kikiwa shamba la migomba na kahawa, mvua ileile ilikuwa inapokelewa na majani, inadondokea kwenye matandazo, inaingia kwenye udongo laini. Iliyobaki ilishuka polepole. Maji hayakuzidi kwa sababu mbingu imebadilika tu. Yamezidi pia kwa sababu tumeondoa vitu vilivyokuwa vinayachelewesha, tukaweka bati, zege na pevingi ambavyo huyapokea na kuyatupa mara moja. Mji wenyewe umeegemea mteremko wa mlima wenye zaidi ya mita 4,500, na maji yake hushukia mito ya Themi, Naura, Ngarenaro, Burka na makorongo ambayo miezi mingi ya mwaka huwa makavu kiasi cha watoto kuchezea mpira humo. Ya Themi huishia mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani hadi baharini. Safari ni ndefu, lakini kinachotuumiza ni ile nusu saa ya kwanza.

Kwa hiyo tunapozungumzia kuyaweka maji ya mvua chini ya ardhi, tunazungumzia kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni kuvuna: unayakusanya ili uyatumie. Ya pili ni kuchelewesha: unayashika kwa saa chache kisha unayaachia kidogokidogo. Ya tatu ni kuzamisha: unayapa nafasi yaingie ardhini yasitoke tena kiwanjani.

Kuvuna tunakujua vizuri, na watu wa Arusha tuna sababu ya ziada. Maji mengi ya visima na chemchemi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na yeyote aliyekulia hapa anazijua rangi za kahawia kwenye meno. Maji ya mvua hayapiti kwenye mwamba huo. Ukiyavuna kutoka kwenye bati safi, ukaacha lita mia moja hivi za mwanzo zioshe vumbi la paa na kumwagika nje, na ukayachemsha au kuyatibu, umepata maji ya kunywa ambayo mwenye kisima kirefu huenda hana. Watu wa pwani wamefanya hivi tangu zamani. Neno birika, ambalo leo kwetu ni chombo cha chai, kule ni pia tangi lililojengwa la kuwekea maji, kama yale ya kutawadhia misikitini.

Kazi ya kuchelewesha ndiyo isiyoeleweka, ingawa wazo lake si geni Kaskazini. Wapare wana ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayopokea maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwa kipimo kwenda mashambani. Yeyote aliyewahi kuiona ndiva ikifunguliwa ameshaelewa nusu ya somo hili: maji yanaingia kwa mwendo mmoja, yanatoka kwa mwendo mwingine, na tofauti kati ya miendo hiyo miwili ndiyo inayohitaji mahali pa kukaa. Kwenye ndiva maji huingia taratibu na hutoka kwa nguvu. Kwenye tenki la kuchelewesha tunaigeuza kanuni hiyohiyo, yakaingia kwa nguvu na kutoka taratibu.

Rudi kwenye kiwanja chetu. Yanaingia lita 9 kwa sekunde. Tukiamua kwamba mtaro wa barabarani tutaupa lita 2 tu kwa sekunde, basi kwa nusu saa zitatoka lita 3,600 na kubaki lita 12,400 za kushikilia. Ongeza kidogo, kwa sababu tenki likiwa na maji machache mwendo wa kutoka nao huwa mdogo, na unapata tenki la lita 14,000: mita 4 kwa mita 3.5, kina cha mita 1. Hilo linakaa chini ya maegesho ya gari bila mtu kujua lipo.

Kinachozuia maji yasitoke yote kwa pamoja ni tundu tu. Halihitaji pampu wala umeme. Kwa kina hicho cha mita moja, tundu la kutoa lita 2 kwa sekunde lina kipenyo cha sentimita 3 hivi. Ndiyo, sentimita tatu, upana wa kifuniko cha chupa ya maji. Mafundi wengi hawaamini. Mara mbili nimekuta fundi, kwa nia njema kabisa, ameweka bomba la inchi 4 pale pa kutokea kwa sababu lile tundu aliliona dogo mno. Bomba la inchi 4 linapitisha maji zaidi ya mara kumi ya tundu lile. Tenki la namna hiyo halishiki kitu, maji yanalipitia tu kwenda barabarani, na mwenye nyumba amelipia zege, nondo na siku za vibarua bure. Kama utakuwepo saiti siku moja tu katika ujenzi wote wa tenki hili, iwe siku ya kuweka tundu.

Tenki hilo likijaa wakati wa mvua hujimaliza lenyewe kwa saa tatu au nne baada ya mvua kukatika. Jioni linakuwa tupu, tayari kwa mvua ya usiku. Juu yake lazima liwe na bomba la ziada, pana, linaloelekea mahali ulipopachagua, kwa sababu siku moja itanyesha mvua kubwa kuliko hesabu yako. Bila bomba hilo maji yatajichagulia njia yenyewe, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa nyumba au ukuta wa fensi wa jirani.

Wenye miji mikubwa hufanya jambo hilihili kwa vipimo vya kutisha. Kasukabe, karibu na Tokyo nchini Japani, kuna mfumo uliokamilika mwaka 2006: mashimo makubwa matano, handaki la kilomita 6.3 lililo kama mita 50 chini ya ardhi, na ukumbi wa zege wenye urefu wa mita 177 na nguzo 59. Siku nyingi za mwaka ukumbi huo ni mtupu, watalii huingia kuutazama. Hakuna Mjapani anayelalamika kwamba limejengwa tenki lisilo na maji.

Tenki lenyewe laweza kujengwa kwa njia kadhaa. Hapa kwetu la kawaida ni zege lenye nondo, au tofali zilizojazwa zege, plasta ya ndani yenye dawa ya kuzuia maji, na kumalizia kwa niru, yaani rojo la saruji. Wengine huzika mabomba mapana sambamba. Nchi nyingine hutumia kreti za plastiki zinazopangwa kama matofali, ambazo karibu ujazo wake wote ni nafasi ya maji, zikafungwa kwa karatasi ngumu ya plastiki au kitambaa cha kuchuja. Njia rahisi kuliko zote ni shimo la kokoto za saizi moja: katika kila lita 100 za kokoto, kama lita 40 hivi ni nafasi iliyo wazi ambayo maji yanaweza kukaa. Maana yake shimo linakuwa kubwa zaidi ya maradufu kwa maji yaleyale, lakini kokoto hazihitaji nondo wala dari.

Simtanki la kawaida la juu ya ardhi usilizike. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimeliona. Mwenye kiwanja mmoja upande wa Njiro alinunua simtanki la lita 5,000, akalizika, akasawazisha udongo, akapanda nyasi juu. Masika yalipokolea, udongo ulipolowa hadi chini, tenki likiwa tupu, lilipanda. Tulipofika lilikuwa limechomoza theluthi nzima juu ya nyasi, limeegemea upande mmoja, bomba la inchi mbili limekatika kama muwa, na kidimbwi cha maji ya kahawia kimelizunguka. Hakuna aliyelisukuma. Maji yaliyo ardhini hukisukuma juu kitu chochote chenye nafasi tupu: lita 5,000 tupu husukumwa kwa nguvu ya karibu tani 5, na simtanki lenyewe halifiki hata kilo mia mbili.

Usidhani zege liko salama kwa kuwa ni zito. Tenki la zege la lita 20,000 lenye kuta, sakafu na dari za sentimita 20 lina uzito wa tani 25 hivi. Likizungukwa na maji hadi juu yatalisukuma kwa nguvu ya tani 30. Linaloliokoa ni udongo uliolikalia. Ndiyo maana sakafu ya chini inapaswa kutokeza nje ya kuta ili udongo uikandamize, na pale ambapo maji ya ardhini hupanda, bomba lenye matundu lizungushwe chini ya tenki kuyaondoa. Na angalia ugumu wenyewe: tenki la kuvuna lina maji ndani yanayolituliza, wakati tenki la kuchelewesha tunataka liwe tupu hasa msimu ambao ardhi imelowa. Kwa hiyo ndilo linalohitaji hesabu hii kuliko lolote.

Kuzamisha kunategemea udongo, na udongo wa Arusha haufanani hata kwa mtaa. Miteremko ya juu ina udongo wa kahawia wa volkano unaonywa maji vizuri. Ukishuka kuelekea tambarare utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Kwingine unachimba mita moja tu unagonga tabaka gumu la majivu ya volkano. Usikisie. Chimba shimo hadi kina ambacho unakusudia maji yaishie, limwagie maji mpaka udongo ulowe, lijaze tena, simika kijiti chenye alama na uangalie saa. Yakishuka sentimita kadhaa kwa saa, una ardhi ya kuzamisha. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, acha, rudi kwenye kuchelewesha. Hakikisha pia kwamba chini ya shimo lako imebaki angalau mita moja kabla ya kufikia maji ya ardhini, na fanya kipimo hicho masika, kwa sababu kipimo cha Agosti kinadanganya.

Uingereza huelekeza shimo la kuzamisha likae angalau mita 5 kutoka kwenye jengo, na sioni sababu ya sisi kukaribia zaidi, hasa penye udongo mweusi. Maji yakiuvimbisha udongo huo chini ya msingi, nyufa za ukutani hazitachelewa. Na shimo hili lisiunganishwe kamwe na karo la choo. Nimewahi kuombwa kufanya hivyo ili kupunguza gharama. Mvua kubwa ikiingia kwenye karo, kinachotoka upande wa pili ni kinyesi, na kinaelekea kwa watu.

Adui wa yote haya ni tope. Mvua ya kwanza ya msimu hubeba vumbi la miezi mitatu, majani na mifuko. Vikifika kwenye tundu la sentimita 3 vinaliziba ndani ya dakika chache, na tenki linageuka bwawa. Kabla ya maji kuingia kwenye tenki yapite kwenye chemba ambayo sakafu yake iko sentimita 30 au zaidi chini ya bomba la kutokea, ili mchanga utulie humo, na wavu uwekwe mbele ya tundu. Chemba hiyo isafishwe Februari na tena Oktoba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwenye shimo la kokoto ni muhimu zaidi, kwani tope likishaingia katikati ya kokoto huwezi kulitoa bila kufukua kila kitu. Wavu wa mbu nao usisahaulike, ingawa tenki linalojimaliza kwa saa chache halimpi mbu muda wa kuzaliana. Mfuniko uwe mzito na wenye kufuli kwa ajili ya watoto. Mtu asiingie peke yake kwenye tenki lililofungwa muda mrefu. Hewa ya humo inaweza kumwangusha kabla hajapiga kelele.

Kuhusu mtaro wa barabarani, watu huuliza kama wana haki ya kumwaga humo. Mimi huwaambia wauone kwanza mtaro wenyewe. Kesi nyingi za maji zinazofika kwa mwenyekiti wa mtaa huanza na mtu aliyeinua kiwanja chake kwa kifusi, akatoboa ukuta wa fensi kwa chini, na kumwachia jirani shida. Na wanaopakana na mito wakumbuke zile mita 60 kutoka mtoni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake. Tenki la mvua halimruhusu mtu kujenga humo.

Kwa jirani yangu hatukuchimba tenki jipya, fedha hazikuwepo. Tulilipima lile alilonalo: mita 4 kwa 2.5, kina mita 2. Kiwanja chake kina mteremko mzuri, zaidi ya mita mbili kutoka nyuma ya nyumba hadi barabarani, kwa hiyo tulitoboa ukuta wa tenki sentimita 90 kutoka juu, tukaweka bomba lenye kizibo cha tundu la sentimita 3, likatokea kwenye mtaro bila pampu. Chini ya tundu zikabaki lita 11,000 zake za kutumia. Kwa familia inayochota lita 200 kwa siku ni siku 55. Juu ya tundu zikabaki lita 9,000 za nafasi, na mvua yetu ya mfano ya milimita 40 kwenye paa lake la mita 200 ni lita 8,000. Tenki moja, kazi mbili, kila moja na ghorofa yake.

Maji ya uani hatukuyaruhusu kuingia humo, kwa sababu yanaosha mafuta ya gari. Aling'oa nusu ya pevingi, jambo lililomuuma kuliko kutoboa tenki, akapanda nyasi. Kwa nusu iliyobaki tulichimba mfereji wa mita 10, upana mita 1, kina mita 1, mbali na msingi, tukautandika kitambaa cha kuchuja na kuujaza kokoto. Unameza lita 4,000, ambazo ndizo milimita 40 za mita 100 zilizobaki. Kipimo cha kijiti kilikuwa kimetupa sentimita 4 kwa saa.

Masika yaliyofuata, usiku wa mvua ya kwanza kubwa, alinipigia simu saa nne. Alikuwa amesimama juu ya mfuniko na mwavuli, ameshika ufito tuliouchora alama kwa rangi nyekundu. Maji yalikuwa sentimita 20 kutoka juu. Saa saba na nusu akanitumia picha: ufito umelowa hadi kwenye alama ya tundu, na juu yake mkavu.